Nani Huitwa Kitandani

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa katika vyuo vya afya yanapotoka, mazungumzo ya usawa hapa Tanga huanzia langoni na kuishia langoni. Tunahesabu wasichana ni wangapi, waliotoka shule za kata ni wangapi, Lushoto imepeleka wangapi na Kilindi wangapi, kisha tunaona hesabu imekwisha. Mimi nilianza kazi kama afisa tabibu, nikarudi chuoni kusomea udaktari, na sasa ni miongoni mwa wanaosimamia wanafunzi wa ngazi mbalimbali wanaoletwa hospitalini kwa mazoezi ya vitendo. Kwa niliyoyaona wodini, naamini kwamba lango ndilo sehemu nyepesi ya jambo hili. Kinachogawanywa bila haki katika mafunzo ya tiba ni nafasi ya kumshika mgonjwa mbele ya mtu anayejua kazi, na nafasi hiyo haina fomu ya maombi, haina tarehe ya mwisho, wala haina mahali pa kukatia rufaa.

Chukua asubuhi ya kawaida katika wodi ya watoto. Raundi imefika kitanda cha tatu, na nyuma ya daktari bingwa kuna msururu wa makoti meupe na sare za rangi mbalimbali. Mtoto mwenye malaria kali anahitaji kanula, yaani mrija mdogo wa kuingiza mshipani, ili aanze sindano za artesuneti. Daktari mtarajali, aliyemaliza chuo na yuko katika mwaka wa mazoezi ya kazi, anaona kazi hiyo ni yake kwa kuwa ndiye atakayeulizwa ikichelewa. Mwanafunzi wa shahada anaihitaji kwa ajili ya logibuku yake, daftari ambamo kila kazi aliyoifanya husainiwa na msimamizi. Mwanafunzi wa uafisa tabibu ana ukurasa wa namna hiyohiyo unaosubiri saini. Na yule wa uuguzi, ambaye pengine mwaka ujao ndiye atakayekuwa peke yake usiku katika zahanati ya Mkinga, amesimama nyuma akiwa ameshika trei. Glavu imeshafungwa juu kidogo ya kifundo cha mkono wa mtoto, mama amemkumbatia ili asijitupe, mshipa umeanza kujitokeza nyuma ya kiganja, na uamuzi wa nani ashike sindano unafanyika bila mtu kutamka neno. Anayeipata ni aliyesimama mbele. Hakuna aliyempendelea kwa makusudi, wala hakuna atakayekumbuka kesho kwamba palikuwa na uamuzi wowote, lakini mambo hayo yakijirudia katika kila wodi mpaka mwisho wa mafunzo, wanatoka watu wawili wenye cheti kimoja, mmoja mwenye mkono uliozoea na mwingine mwenye logibuku iliyojaa saini za huruma.

Aliyesimama mbele ana sababu zake za kusimama mbele, na nyingi kati ya hizo hazihusiani na kipaji. Sababu ya kwanza ni lugha, na hapa nitakaa kidogo. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huko Pangani au Handeni, akaingia shule ya kata ambako ghafla masomo karibu yote ni kwa Kiingereza huku mwalimu mwenyewe akilazimika kuyafafanua kwa Kiswahili ili yaeleweke, hufika chuoni akiwa amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jasho lake, mara nyingine bila kuwahi kugusa hadubini. Ada ya sekondari iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, jambo lililowafungulia wengi mlango. Maabara na walimu wa sayansi havikuja kwa kasi hiyo.

Namkumbuka kijana mmoja wa Pangani aliyepewa bibi wa Ngamiani ili achukue historia yake. Alivuta stuli, akasema, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, wewe wa kwa nani?" Kabla kijana hajafungua daftari, walikuwa wameshatajiana ukoo na kukuta kwamba bibi aliwahi kuishi nyumba ya pili kutoka kwa shangazi wa kijana. Baada ya hapo bibi alimweleza yote: kwamba siku hizi hawezi kulala mpaka aweke mito mitatu, kwamba usiku huamka akitafuta hewa akaenda kukaa dirishani, kwamba miguu huvimba jioni hadi ndara zikambana, na kwamba dawa za presha aliziacha tangu Ramadhani kwa sababu zilimwamsha kila saa kwenda haja ndogo. Hili la mwisho halikuwa limeandikwa popote. Faili lilisema tu kwamba mgonjwa anatumia dawa zake.

Raundi ilipofika, kijana yule alitakiwa kuwasilisha kesi, au kupresenti kama tusemavyo wodini, kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza aliimaliza, ya pili ikamkwama, na ya tatu akaisema kwa sauti ya chini hata bingwa akamwambia aendelee mwingine. Mwingine alikuwa binti aliyesomea shule za Kiingereza tangu chekechea. Alipresenti mgonjwa wake kwa ufasaha mkubwa, ingawa mimi niliyekuwa nimekaa na mgonjwa huyo nilijua kwamba nusu ya yaliyokuwa muhimu hayakuulizwa. Alisifiwa. Mchana ulipofika wa kumtoa mgonjwa mmoja maji kifuani, lililoitwa ni jina la yule binti, kwa sababu ndilo jina lililokuwa kichwani mwa watu. Binti hana kosa hata moja katika jambo hili. Kosa liko katika kipimo: tulipima uwezo wa kuongea mbele ya wakubwa tukadhani tumepima uwezo wa kumhoji mgonjwa, na kwa kipimo hicho aliyegundua kwa nini moyo wa bibi umechoka alitoka na alama ya chini na mikono mitupu.

Sisemi Kiingereza kiondolewe wodini. Vitabu viko kwa Kiingereza, mitihani iko kwa Kiingereza, na daktari asiyeweza kusoma makala mpya za fani yake atawaumiza wagonjwa kwa njia nyingine. Ninachotaka ni kila kitu kipimwe mahali pake. Katika wiki za mwanzo za kila zamu, kundi ninalolisimamia huwasilisha historia ya mgonjwa kwa Kiswahili, kisha mpango wa uchunguzi na matibabu kwa Kiingereza, na baadaye yote kwa Kiingereza. Wenzangu wawili waliniambia kwamba nawadekeza. Huenda. Lakini wanafunzi waliokuwa wakijificha nyuma ya nguzo sasa huuliza maswali, na mtu anayeuliza maswali huonekana, na anayeonekana huitwa.

Kuuliza swali kuna mzizi mwingine ambao hatuutazami vya kutosha. Mwanafunzi wetu hujifunza mapema kwamba elimu ya tiba inatoka mahali pengine na kwamba kazi yake ni kuipokea. Picha za vipele katika vitabu vingi ni za ngozi nyeupe, na maelezo yanamwambia atafute wekundu ambao kwa mgonjwa wa Makorora hatauona kwa jinsi ulivyochorwa. Inabidi aonyeshwe na mtu kutazama viganja, ulimi na ndani ya kope la chini ili ajue damu imepungua, na kutazama weupe wa jicho kwenye mwanga wa dirishani ili aione manjano. Hata vifaa si huru na jambo hili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa hicho ndicho tunachokitegemea katika wodi ambayo karibu kila mgonjwa ni mweusi, na sijakutana na mwanafunzi aliyefika kwangu akiwa ameshafundishwa hilo.

Ndiyo maana hupenda kuwasimulia habari ya Muheza, mwendo mfupi tu wa gari kutoka hapa mjini. Kwa miaka mingi miongozo ilisema kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umeyumba apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka, na agizo hilo lilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu wa nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizolipima jambo hilo kwa watoto 3,141, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika makundi yaliyopewa maji ya haraka, takriban asilimia 10.5 ya watoto walifariki ndani ya saa 48; katika kundi ambalo halikupewa, walifariki asilimia 7.3. Swali ambalo vitabu vikubwa vilidhani limeshajibiwa lilijibiwa upya kwa watoto wa Muheza na wenzao, na jibu likawa kinyume cha yaliyotazamiwa. Kijana wa Bonde akisikia hivyo kwa mara ya kwanza, hukaa sawa kwenye kiti. Hilo nalo ni sehemu ya usawa: kujua kwamba wodi ya nyumbani kwenu inaweza kuisahihisha dunia.

Sasa fedha. Matukio ambayo mkono hujifunzia zaidi huja usiku: mama anayetoka damu baada ya kujifungua, mtoto anayedegedeka, kijana aliyeanguka na bodaboda barabara ya Pongwe. Anayekuwepo usiku ni anayeweza kukaa usiku. Mwanafunzi aliyepanga chumba Chumbageni, karibu na hospitali, hubaki mpaka mgonjwa atulie. Aliyepata chumba cha bei nafuu mbali huko, akitegemea daladala ya mwisho au baiskeli, huondoka jua likizama, na msichana hata akiwa na baiskeli atafikiri mara mbili kabla ya kurudi nayo usiku wa manane. Wa shahada wengi wana bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, ingawa linachelewa na wanaligawana na wadogo zao nyumbani. Wa stashahada walikaa miaka mingi bila hilo, kwani Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kuwafikia katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, na hata sasa si wote wanaopata. Tukumbuke pia kwamba mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulianza na watarajali waliokuwa wakidai posho zao. Watu walisema madaktari wana tamaa. Mimi ninayejua mtarajali hula nini katika zamu ya usiku sikulisema neno hilo.

Kuna gharama ndogo zaidi ambazo hazimo katika muundo wowote wa ada. Vifaa vikipungua wodini, mwanafunzi mwenye boksi lake la glavu ndiye anayeingia leba kupima njia. Asiye nalo huandika kwenye patografu, chati ya maendeleo ya uchungu, yale anayotajiwa na mwenzake. Nimeona wanafunzi wakiuziana jozi za glavu kwenye korido, na sikuwa na la kuwaambia.

Kuhusu wanaume na wanawake nitapita haraka, kwa kuwa kila aliyepita wodini analijua. Wasichana husukumwa kwenye watoto na uzazi, wavulana huitwa thieta, na mvulana wa uuguzi naye hujikuta akifukuzwa leba na jamaa za mzazi kabla mzazi mwenyewe hajaulizwa. Mwanafunzi mjamzito huhesabiwa kuwa mzigo kwenye zamu. Aliyedhalilishwa na mkubwa wake hunyamaza, kwa sababu mkubwa huyohuyo ndiye anayesaini logibuku.

Jambo linalonikera zaidi, kwa sababu linanihusu, ni kuamini kwamba kupandisha viwango daima ni kuongeza haki. Mfano mkubwa uko Marekani. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti iliyokosoa vyuo vya udaktari vya huko, na mengi aliyoyasema juu ya maabara duni na ufundishaji wa ovyo yalikuwa kweli. Lakini kati ya vyuo 7 vilivyokuwa vikifundisha madaktari weusi wakati huo, vilivyosalia baada ya mageuzi ni 2, Howard na Meharry. Watafiti waliokokotoa hesabu mwaka 2020 walikadiria kwamba vyuo 5 vilivyofungwa, kama vingeendelea, vingekuwa vimetoa wahitimu zaidi ya 35,000 kufikia mwaka 2019. Hakuna aliyekuwa amepiga kura ya kuwanyima watu weusi madaktari. Kiwango kilipandishwa, na waliokosa fedha za kukifikia wakaachwa nje.

Kwetu tulikuwa na ngazi ya daktari msaidizi. Afisa tabibu aliyefanya kazi vijijini kwa miaka alirudi darasani miaka miwili, akatoka akiwa anaweza kumfanyia mama upasuaji wa uzazi katika hospitali ya wilaya ambayo haikuwa na daktari wa shahada. Utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 uliona kwamba matokeo ya upasuaji wao wa dharura wa uzazi hayakuwa na tofauti ya maana na ya madaktari wenye shahada. Baadaye mafunzo hayo yalisitishwa. Najua hoja za upande wa pili: majina ya vyeo yalichanganya, mshahara ulikuwa na mgogoro, na nchi ilihitaji madaktari kamili. Njia ya shahada ipo kwa mwenye stashahada na ufaulu unaotakiwa, na mimi niliipita. Lakini ni miaka mitano na mmoja wa utarajali, na mtu wa miaka 38 mwenye watoto watatu Kilindi na mshahara mmoja hawezi kuuacha kwa muda huo. Wengi wa waliokuwa wakifundisha mikono yangu nilipokuwa kijana walikuwa madaktari wasaidizi, na ngazi waliyoipanda imeondolewa ukutani.

Katika wodi yetu tulichofanya ni kidogo. Tulibandika karatasi karibu na meza ya wauguzi yenye majina ya wanafunzi wote bila kutenganisha vyuo wala ngazi, na kila kazi ya mkono inayojitokeza humwangukia anayefuata kwenye orodha, isipokuwa pale ambapo hali ya mgonjwa haivumilii mwanafunzi. Asiyekuwepo usiku kwa sababu ya usafiri hupewa kazi za alfajiri. Watarajali walinung'unika kwamba tunawapotezea muda, na kwa sehemu walikuwa sahihi, kwa sababu kanula anayoweka mtarajali kwa dakika moja humchukua mwanafunzi wa uuguzi dakika kumi na mgonjwa mwingine anasubiri. Sista mkuu wa wodi, mtu mzima ambaye wote tunamwita Mama, ndiye aliyeilinda karatasi ile. Bingwa alipotaka kuruka majina siku moja, Mama alimwambia kwa upole, "Baba, jina hili ndilo la leo," na bingwa akampisha mwenye jina.

Karatasi hiyo, hata hivyo, ilitufungulia jambo ambalo hatukulikusudia. Tulipoanza kuandika nani ameshika mgonjwa gani, ikaonekana wazi kwamba wanafunzi wote hujifunzia kwa wagonjwa walewale: wa wodi za kawaida, wakulima, wachuuzi wa samaki, wazee wa mashamba ya mkonge, akina mama waliokuja na beseni na khanga. Wagonjwa wa wodi ya kulipia hawakuwemo hata mmoja. Yule anayelipa zaidi huonwa na bingwa peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa, na anayelipa kidogo au asiyelipa huzungukwa na watu kumi asiowajua, kila mmoja akitaka kumsikiliza moyo. Kama wanafunzi wanastahili kugawiwa haki sawa, basi mzigo wa kufundishiwa nao haufai kubebwa na maskini peke yao, na hasa kama hakuna anayemwuliza kwanza kwamba je, ameridhia. Tumeanza kuuliza, kila mgonjwa, kwa maneno yaleyale. Wengi hukubali, wengine husema, "Leo nimechoka, mwanangu, njooni kesho," nasi humwacha apumzike.

Nilipeleka pendekezo kwamba wanafunzi wawili wawili, wakiwa na msimamizi na kwa idhini ya mgonjwa, waingie pia wodi ya kulipia. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba wateja hao watakimbilia hospitali binafsi na hospitali itakosa mapato yanayonunua hizo glavu ninazozililia. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na sina takwimu za kuipinga. Nimeomba tujaribu kwa muda mfupi na kuandika nani alikubali na nani alikataa, ili angalau tubishane tukiwa na karatasi mezani. Ombi hilo bado liko kwa uongozi.